Lori la Jeshi, Volti 12 na Stata: Ushauri Wangu Baada ya Kukosea

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi, naandika kuhusu malori ya jeshi. Najua wengine mtasema bwana shamba ameishiwa mada. Subirini kidogo, kwa sababu nimeona vitunguu vingi vikiharibika kwa ajili ya waya kuliko kwa ajili ya ukungu, na mara moja ushauri mbaya ulitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Huku kwetu, ukitoka Mang'ola kupanda kwenda Karatu, barabara inachagua magari. Kukiwa na vumbi unapita kwa shida, na mvua ikinyesha unapita kwa maombi. Ndiyo maana vijana wanaolima vitunguu kibiashara wanayapenda malori yaliyostaafu jeshini, kama yale Bedford ya Waingereza. Linavuta magurudumu yote manne, lipo juu, chasisi yake ni ngumu, na ukilipata kwa mnada bei yake inaweza kuwa nafuu kuliko lori la kiraia la uwezo uleule. Mimi sina ugomvi na ununuzi huo. Kijana aliyeacha kumtegemea dalali wa usafiri ameshapiga hatua.

Tatizo linaanza baada ya wiki mbili, pale mwenye gari anapofungua sanduku la betri. Anakuta betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfululizo, jumla volti 24. Magari mengi ya jeshi yametengenezwa hivyo. Halafu anaangalia vitu vyake vingine: trekta dogo ni volti 12, pikapu ni volti 12, pampu ya kunyunyizia dawa ni volti 12, redio na taa za duka la kijijini zote ni volti 12. Anapiga hesabu haraka: "Kwa nini ninunue betri mbili kila mara? Nigeuze gari lote liwe volti 12, nimalize."

Msimamo wangu ni huu: ukigeuza volti za lori la jeshi, usifanye nusu, na mahali pa kwanza pa kufikiria ni saketi ya stata, kabla ya taa na kabla ya redio. Kama huna fedha au fundi wa kuimaliza saketi ya stata yote, liache gari lako na volti zake 24.

Niwaambie nilivyojifunza.

Kijana mmoja wa eneo langu, mkulima mzuri tu, alinunua lori la namna hiyo. Betri moja ilipokufa akanijia: "Bwana shamba, nishauri. Ninunue betri nyingine au nigeuze liwe volti 12?" Mimi nina stashahada ya kilimo. Umeme wa magari sikuusomea. Lakini mnajua heshima ya bwana shamba kijijini, ukiulizwa unaona aibu kusema sijui. Nikamjibu, "Geuza tu mdogo wangu, utaokoa hela ya betri moja." Akageuza.

Fundi alibadilisha taa na alternata. Stata akaiacha ileile ya volti 24. Asubuhi ya baridi ikawa inazunguka kama mtu anayeamshwa usingizini. Stata ya volti 24 ukiipa volti 12 inapata nusu tu ya msukumo iliotengenezewa, na injini ya dizeli inahitaji izungushwe kwa kasi ndipo hewa ndani ipate joto la kuunguza mafuta. Ikizunguka taratibu haiwaki, hata ukishika ufunguo mpaka jioni.

Wakatafuta stata ya volti 12 inayoshika kwenye injini ile. Wakaifunga. Ila nyaya nene za kutoka betri hadi stata zikabaki zilezile, na betri ikabaki palepale mbali na injini. Waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya dashibodi kwenda kwenye soleneidi, ile ambayo mafundi wengi wanaiita otomatiki ya stata, nao ukabaki. Na swichi kuu ya kukata betri, ambayo wanajeshi waliiweka kwa akili, iliondolewa kwa kuwa "inasumbua".

Gari likawa linawaka kwa kubahatisha. Unabonyeza, otomatiki inalia ta-ta-ta-ta, unabonyeza tena, linakubali. Wakazoea. Sisi Waswahili tuna ugonjwa huo, kitu kikiwa kibovu taratibu tunakizoea na kukipa jina.

Siku ya kupeleka mzigo, lori limejaa magunia ya vitunguu, nikapigiwa simu. "Bwana shamba, gari linawaka!" Nikajibu kwa furaha, "Si nilikwambia litawaka tu!" Upande wa pili kukawa kimya kidogo, halafu, "Linawaka moto, bwana shamba."

Kilichotokea ni kwamba zile ta-ta-ta za kila siku zilikuwa zinapiga cheche ndani ya otomatiki. Siku hiyo vidato vya shaba vikaungana, vikakataa kuachana. Dereva aliachia swichi, injini ikawaka, lakini stata ikaendelea kuvuta umeme gari likitembea. Alisikia mlio akadhani ni giaboksi. Moshi ulipoanza alizima injini, na stata ikaendelea kuizungusha injini iliyozimwa. Swichi kuu hakuna. Spana ya kufungulia kichwa cha betri ipo chini ya magunia. Utingo akakata waya wa betri kwa panga. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini nyaya za kwenye kabini ziliungua, lori likalala njiani, mvua ikanyeshea magunia kabla lori lingine halijapatikana. Ninyi mnaolima vitunguu mnajua gunia lililolowa linafika sokoni likiwa na hali gani. Ile betri moja tuliyookoa ilimla msimu mzima.

Hakunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana naandika haya.

Sasa tuelewe kwa nini

Wengi wenu mna mabomba ya umwagiliaji, kwa hiyo hili mtalielewa bila shida. Volti ni presha ya maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukitaka kazi ileile kwa presha nusu, lazima upitishe maji mara mbili. Na ukipitisha maji mara mbili kwenye mpira uleule mwembamba, mwisho wa mstari matone hayatoki.

Tuchukue stata ya lori yenye nguvu ya wati 4,000. Kwa volti 24 inavuta ampea kama 167. Kwa volti 12 kazi hiyohiyo inavuta ampea kama 333. Sasa waya na maungio yake yana ukinzani kidogo, tuseme omu 0.004. Kwa volti 24 unapoteza volti 0.67 njiani, yaani karibu asilimia 3. Kwa volti 12 unapoteza volti 1.33, na kwa kuwa ulianza na 12 tu, hiyo ni asilimia 11. Joto ndani ya waya linatoka wati 111 hadi wati 444. Mara nne, kwa waya uleule!

Kutokana na hapo kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Ukitaka hasara ya njiani ibaki asilimia ileile kwa urefu uleule, waya haupaswi kuwa mnene mara mbili. Unapaswa kuwa na shaba mara nne. Ukisogeza betri karibu na stata, urefu ukawa nusu, hapo ndipo mara mbili inatosha. Kwa hiyo mara nyingi kuhamisha sanduku la betri ni nafuu kuliko kununua waya.

Njia ninayoipenda: acha stata, punguza volti za vingine

Kama stata yako ya volti 24 ni nzima, iache. Betri mbili zinazofanana, za umri mmoja, ukubwa mmoja, aina moja. Ukibadilisha moja, badilisha zote mbili, na ile iliyobaki nzima ipeleke kwenye pikapu au trekta. Kwa redio, chaji ya simu, pampu ndogo ya dawa na taa za kazi, nunua kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, mafundi wanaita konvata. Angalia kimeandikwa kinabeba ampea ngapi, kisha jumlisha vitu vyako na uache nafasi. Kiwekee fyuzi yake.

Ila naomba sana, usifanye ule ujanja wa kuvuta volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Najua inafanya kazi, redio inaimba. Lakini betri inayonyonywa inashuka, nyingine inabaki imejaa, halafu alternata inazichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa. Ile iliyojaa inachemka, ile iliyoshuka haijai kamwe. Baada ya muda unanunua zote mbili, halafu unasema volti 24 ni ghali. Si volti 24, ni wewe.

Kama ni lazima ugeuze

Kuna wakati nakubali. Stata ya volti 24 imekufa, spea haipatikani hata Arusha, na ya volti 12 inayoshika ipo. Au umebadilisha injini nzima na hiyo mpya imekuja na volti 12. Sawa. Hapo kaa na fundi umeme, usimwachie gari ukaenda shambani, na mhakikishe haya.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, fungua kichwa cha betri cha upande wa athi. Chora nyaya zilivyo kwenye karatasi, piga na picha kwa simu. Malori ya jeshi yana nyaya za ziada za redio na taa za kujificha, na ukikata kwa kubahatisha utatafuta hitilafu mwezi mzima.

Pili, stata yenyewe. Isiwe tu ya volti 12. Iwe inazunguka upande uleule, meno ya bendeksi yalingane na ya flaiwili, na nguvu yake iwe ya injini ile. Stata ya pikapu haiwezi kazi ya lori hata kama bolti zimekubali kuingia.

Tatu, waya mnene wa kutoka betri. Shaba tupu, usikubali alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Fupisha njia kadiri unavyoweza. Ukiwa na betri mbili, zifunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili zibaki volti 12 na zisaidiane kutoa ampea. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine. Kugonga kwa nyundo juu ya jiwe kunaacha nafasi, na kwenye nafasi ndipo joto linapoanzia.

Nne, athi. Hapa ndipo wengi huangukia. Umeme unaokwenda kwenye stata lazima urudi, na unarudi mwingi uleule. Weka waya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini yenyewe, na mwingine kutoka injini hadi chasisi. Kwangua rangi mpaka uone chuma. Athi ikiwa mbovu, umeme utatafuta njia yake, na nimeona kebo ya akselereta ikigeuka nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia ya kurudia.

Tano, ule waya mwembamba wa kuamrisha otomatiki. Kwa volti 12 otomatiki nayo inadai ampea nyingi kuliko ya volti 24. Swichi ya zamani ya dashibodi haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Weka rilei karibu na stata, swichi iamrishe rilei, na rilei ipeleke umeme kwenye otomatiki kwa waya mfupi wenye fyuzi. Ukisikia ta-ta-ta hata siku moja, simamisha kazi, tafuta sababu. Usizoee.

Sita, rudisha swichi kuu ya betri. Iwe mahali ambapo dereva ataifikia bila kupanda juu ya magunia. Kwenye lori lile, swichi hiyo ingeokoa kila kitu.

Saba, fuata vile vingine vyote: alternata na regyuleta yake, balbu, geji, mota ya waipa, honi, hita ya kuwashia kwenye baridi, na kile kifaa cha kukata mafuta kama gari lako linazima kwa umeme. Kumbuka nyaya za taa pia zitabeba ampea mara mbili kwa mwanga uleule. Taa za wati 120 zilizokuwa zinakula ampea 5 sasa zitakula ampea 10. Kuweka fyuzi kubwa bila kubadilisha waya ni kumtoa askari getini ili mwizi apite vizuri.

Mwisho, pima. Hapa sitaki maneno, nataka namba. Weka mita ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya stata, mwenzako awashe. Kwa mfumo wa volti 12, ikionyesha zaidi ya volti 0.5 wakati stata inazunguka, waya au maungio hayafai. Pima na upande wa athi vilevile, kutoka hasi ya betri hadi mwili wa stata, nako isizidi kama volti 0.3. Kisha pima betri yenyewe wakati wa kuwasha. Ikishuka chini ya volti 9.6, angalia betri au stata. Kazi hii ni ya dakika 10, na mita ya kawaida haina bei ya kukutisha. Usimlipe fundi hela ya mwisho kabla hujaona namba hizo kwa macho yako.

"Mbona la fulani linatembea?"

Najua nitajibiwa hivyo. Kuna mtu aligeuza lake, akaacha nyaya za zamani, na linatembea mwaka wa tatu. Ni kweli, yapo. Hata mkulima anayepiga dawa nusu dozi kuna msimu anavuna. Lakini mimi na wewe tunajua nusu dozi inafanya nini: haiui mdudu, inamfundisha. Na gari lililogeuzwa nusu haliharibiki siku unayolijaribu uwanjani bila mzigo, asubuhi yenye jua. Linaharibika siku ya baridi, limejaa mzigo, betri imechoka, na mnunuzi anakungoja mjini.

Mwingine atasema nyaya nene, rilei na swichi kuu ni gharama. Ni gharama, ndiyo. Basi iandike kwenye daftari pamoja na bei ya mnada kabla hujanyoosha mkono kununua. Mkulima wa biashara haulizi tu gari linauzwa shilingi ngapi, anauliza litafika sokoni kwa shilingi ngapi. Ukijumlisha gharama zote za kugeuza vizuri, mara nyingi utagundua betri ya pili na konvata ni nafuu. Ndiyo sababu nasema acha volti 24 zako.

Na kwa maafisa ugani wenzangu wanaosoma hapa: vijana wanatuamini. Wakituuliza kuhusu mbegu, tunawapeleka kwenye lebo. Wakituuliza kuhusu mashine, tuwapeleke kwa fundi anayepima, tusijibu ili tu tuonekane tunajua. Neno "sijui, tukamuulize fundi" halimpunguzii bwana shamba heshima. Mimi ningelisema siku ile, magunia yale yangefika.

Yule kijana bado analima. Lori alilitengeneza upya: betri mbili, volti 24, stata yake ya asili iliyofungwa kaboni mpya, na swichi kuu nyekundu karibu na mlango wa dereva. Wiki iliyopita nilipanda nalo kwenda Karatu. Alipofika pa kuegesha alizima injini, akanyoosha mkono akakata ile swichi, akanitazama akacheka. Nikacheka na mimi, lakini si sana.

Kazi njema, tuonane shambani.